Darasa la Ngome na Utamaduni wa Ufaransa, Bagamoyo: Mawe Yanaelezwa Vizuri Kuliko Fedha

Katika moja ya nyumba za mawe zilizokarabatiwa ndani ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo huendeshwa darasa la jioni ambalo, kwa uzoefu wangu wa kuongoza wageni katika mji huu, sijaona jingine la namna yake hapa kwetu: darasa la kumfahamisha Mswahili ngome, makasri na desturi za Ufaransa kabla hajakutana na Mfaransa, au kabla hajapanda ndege kwenda kwao. Mwalimu ni mama mzaliwa wa hapa aliyeishi miaka mingi katika mji wa Tours, kwenye bonde la mto Loire, na ambaye ameniomba nisimtaje jina kwa kuwa sebule yake haiwezi kupokea watu zaidi ya wanaokuja sasa. Nimesoma awamu nzima, nikalipa ada kamili kama wengine, na ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya anayefikiria kujiunga.

Ada ni shilingi 150,000 kwa awamu, nayo huweza kulipwa kidogo kidogo kwa simu. Ndani ya ada hiyo mna kijitabu cha kurudufu, kahawa na kashata, na ziara moja ya mafunzo. Vipindi huanza baada ya sala ya Isha, utaratibu uliotufaa sisi waongoza watalii, ambao mchana hatupatikani. Wenzangu walikuwa dada wa mapokezi katika hoteli moja ya ufukweni, vijana wawili wapiga ngoma waliosoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, kijana aliyepata nafasi ya chuo Nantes, na mama mmoja wa makamo ambaye binti yake ameolewa Lyon na ambaye alisema wazi kwamba amekuja kuwasoma wakwe. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili, Kifaransa kikiingia kwa salamu, majina ya sehemu za jengo na sentensi za kukataa kitu kwa adabu. Kwa hiyo anayetaka kuijua lugha yenyewe aende Alliance Française jijini Dar es Salaam, kwa maana hapa hataipata.

Kipindi cha kwanza kilitosha kunionyesha kwamba mwalimu anaijua kazi yake. Hakuanza na orodha ya wafalme. Alitusimamisha, akatutaka tupime upana wa sebule kwa hatua, kisha tutazame dari. Nyumba za mawe za pwani hujengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti iliyo nzuri haizidi sana mita tatu, chumba cha Mswahili wa zamani, hata awe tajiri wa kupindukia, huwa kirefu na chembamba. Mfalme wa Ufaransa alikuwa na misitu ya mialoni, mti ambao gogo lake huvuka chumba kipana bila nguzo ya katikati, na mafundi wa bonde la Loire walikuwa na jiwe la chokaa jeupe na laini liitwalo tuffeau, linalokatwa kwa msumeno na kuchongwa maua kwa urahisi. Kuanzia hapo kila picha ya kasri tuliyoonyeshwa tuliitazama kwa macho ya fundi, tukiuliza dari imebebwa na nini na jiwe limetoka wapi, na hata wapiga ngoma, ambao hapo awali walikuwa wakisinzia, wakaanza kubishana kuhusu paa.

Baada ya ujenzi akaingia katika kazi ya jengo, na hapa ndipo mgeni anaposaidiwa zaidi, maana wengi wetu tulidhani kila jengo kubwa la Ufaransa lenye minara lilijengwa kwa vita. Mwalimu alichukua majengo mawili yaliyopishana zaidi ya miaka mia tatu. La kwanza ni Château Gaillard, ngome iliyojengwa juu ya jabali linalotazama mto Seine kati ya mwaka 1196 na 1198 kwa amri ya Richard, mfalme wa Uingereza aliyekuwa pia mtawala wa Normandie, ili kumzuia mfalme wa Ufaransa asiushukie mji wa Rouen. Hapo kila kitu ni cha kujihami: kuta nene, mahandaki, matundu membamba ya kupigia mishale, na mnara mkuu wa kukimbilia mambo yakiharibika. Mambo yaliharibika mwaka 1204, ngome ikaangukia mikononi mwa Philippe Auguste baada ya kuzingirwa kwa miezi. La pili ni Chambord, lililoanzwa mwaka 1519 na François wa Kwanza, lenye minara minne mikubwa ya pembeni na umbo lote la ngome, ila madirisha yake ni mapana kiasi kwamba adui angeingia bila kuinama. Katikati ya majengo hayo mawili kuna mzinga. Silaha hiyo ilipokuwa na nguvu ya kubomoa kuta ndefu, urefu wa mnara ulikoma kuwa kinga ukabaki kuwa pambo. Na wafalme waliovuka milima kwenda kupigana Italia, kuanzia Charles wa Nane mwaka 1494, walirudi na mafundi, watunza bustani na ladha mpya. Mwalimu aliongeza jambo ambalo sikuwa nimelisikia popote: kwamba mwaka 1626 serikali ya mfalme, chini ya Kardinali Richelieu, iliamuru ngome zisizo za mipakani zibomolewe kuta zake ili mabwana wakubwa wasipate pa kuasi. Magofu mengi ambayo mtalii huyapiga picha akidhani yameangushwa na maadui yaliangushwa na mwenye nchi mwenyewe.

Chambord lilipewa jioni nzima, na lilistahili. Kasri hilo lina dohani na meko 282, lina ngazi 77, na limezungukwa na ukuta wa kilomita 32 unaozingira msitu wa kuwindia. Ngazi yake kuu ni ya kuzunguka, lakini ni ngazi mbili zilizosukwa pamoja, kiasi kwamba anayepanda na anayeshuka wanaweza kuonana kupitia matundu ya katikati bila kukutana. Wengi husema ngazi hiyo ilibuniwa na Leonardo da Vinci, ambaye aliitwa na mfalme huyo huyo na kufariki mjini Amboise tarehe 2 Mei 1519, mwaka ule ule kazi ilipoanza. Mwalimu alitutahadharisha kwamba hakuna hati inayothibitisha hilo, na tahadhari ya namna hiyo ni adimu katika kazi yetu ya kuongoza wageni, ambayo uongo mtamu hulipwa bakshishi nzuri. Kisha akatueleza kwamba mfalme aliyejenga mahali hapo hakukaa humo hata siku mia moja katika utawala wake wote, uliodumu tangu mwaka 1515 hadi 1547. Baraza lake lilikuwa la kuhamahama: vitanda, mazulia na mapazia ya kutani vilipakiwa kwenye mikokoteni, msafara ukatoka kasri moja kwenda jingine, na kasri lililoachwa likabaki tupu na baridi. Bagamoyo, mji uliokuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji, haukuhitaji maelezo marefu kuhusu kusafiri na mali mabegani.

Nikiri kwamba nilifurahishwa na jambo dogo lililokuwa katika ukurasa wa mwisho wa kijitabu. Chambord liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, na mwaka huo huo yakaingizwa magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Husuni Kubwa, kasri la sultani wa Kilwa lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogelea la pembe nane, lilikuwa limekwisha kusimama juu ya jabali la bahari karibu karne mbili kabla jiwe la kwanza la Chambord halijawekwa. Mwongoza watalii anayemsikiliza Mfaransa akisifia kwao anaweza kulitaja hilo kwa upole, wala hatakuwa amekosa adabu.

Kuhusu Chenonceau mwalimu alijiachia, akasimulia kama watu wasimuliavyo habari za harusi. Kasri hilo limejengwa juu ya mto Cher wenyewe, na historia yake imeshikwa na wanawake: Katherine Briçonnet aliyesimamia ujenzi mumewe akiwa vitani na kazini, Diane de Poitiers ambaye alikuwa kimada wa mfalme Henri wa Pili na ambaye alilipewa mwaka 1547 akajenga daraja la kuvuka mto, kisha Catherine de' Medici, mke wa ndoa, ambaye mara mumewe alipofariki mwaka 1559 alimwondoa kimada, akampa kasri jingine la Chaumont kwa kubadilishana, na juu ya daraja la mwenzake akajenga ukumbi wa mita 60. Mama wa Lyon alipiga makofi. Lakini kilichonigusa mimi ni historia ya baadaye ya ukumbi huo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia uligeuzwa hospitali ya majeruhi, na katika Vita vya Pili, mto Cher ulipokuwa mpaka kati ya eneo lililokaliwa na Wajerumani na lile lisilokaliwa, mlango wa kaskazini wa kasri ulikuwa upande mmoja na mlango wa kusini wa ukumbi upande wa pili.

Kipindi cha Amboise ndicho ambacho ningependa kila Mwislamu wa pwani akisikie, na ni ajabu kwamba vitabu vya watalii hukipitia mbio. Emir Abdelkader wa Algeria, mwanachuoni na kiongozi wa vita vya kuwapinga Wafaransa, alijisalimisha mwishoni mwa mwaka 1847 kwa ahadi kwamba ataachwa aende zake nchi za mashariki. Ahadi haikutimizwa. Alifungwa pamoja na familia na wafuasi wake, na tangu mwaka 1848 hadi 1852 kifungo chake kilikuwa ndani ya kasri la Amboise, kasri lile lile ambalo wageni hulitembelea kwa ajili ya kaburi la Leonardo. Baadhi ya watu wake walifariki humo na wakazikwa katika bustani ya kasri, mahali ambapo leo pana makaburi ya kumbukumbu. Baada ya kuachiwa alihamia Damascus hatimaye, na mwaka 1860 aliwakinga maelfu ya Wakristo wasiuawe katika ghasia za mji huo, tendo lililomfanya atunukiwe nishani na dola ile ile iliyomfunga. Mwalimu alilisimulia hilo bila kupandisha sauti, wala darasa halikusema neno mpaka kahawa ilipoletwa.

Versailles kwa kawaida huchosha, kwa sababu kila mtu ameshaiona picha yake. Hapa iliokolewa na ustadi wa mwalimu wa kuifunga na mji wetu. Tulielezwa kwa ufupi kwamba ilianza kama nyumba ya kuwindia ya Louis wa Kumi na Tatu mwaka 1623, kwamba mwanawe alihamishia huko makao ya serikali mwaka 1682, na kwamba Ukumbi wa Vioo una urefu wa mita 73 na vioo 357. Kisha akatuwekea mezani tarehe mbili. Tarehe 18 Januari 1871, baada ya Ufaransa kushindwa vitani, watawala wa Kijerumani walikusanyika katika ukumbi huo huo wakatangaza Dola ya Ujerumani. Dola hiyo ndiyo iliyokuja kuifanya Bagamoyo makao yake ya kwanza ya utawala kabla ya kuyahamishia Dar es Salaam mwaka 1891, na ndiyo iliyomnyonga Abushiri bin Salim kule Pangani mwezi Desemba 1889. Tarehe 28 Juni 1919, katika ukumbi ule ule, ilitiwa saini hati iliyoinyang'anya Ujerumani makoloni yake yote, likiwamo hili letu. Nimewapitisha wageni mbele ya Boma la Kijerumani mara nyingi sana bila kujua kwamba mwanzo na mwisho wa wenye boma hilo ulitangazwa chumba kimoja. Sasa nawaambia, na Wafaransa husimama.

Hayo ndiyo mazuri, na ni mengi. Dosari kubwa ya darasa ni moja, nayo haitokani na uzembe. Darasa linajua jiwe limetoka wapi, ila haliulizi fedha imetoka wapi. Mfano ulio wazi ni simulizi la Nicolas Fouquet, msimamizi wa hazina ya Louis wa Kumi na Nne, aliyejenga kasri la Vaux-le-Vicomte kwa mbunifu, mchoraji na mtunza bustani bora kabisa wa zama zake, akamwalika mfalme kwenye karamu tarehe 17 Agosti 1661, na wiki chache baadaye akakamatwa na kufungwa maisha, huku mafundi wake wote watatu wakichukuliwa kwenda kuitengeneza Versailles. Mwalimu analisimulia kwa mvuto wa hali ya juu kama kisa cha wivu, na kisa kinaishia pale hasa ambapo daftari la hesabu linapaswa kufunguliwa. Kijana wa Nantes aliinua mkono.

"Samahani Mwalimu, hizi fedha zote zilitoka wapi?"

"Kodi, mwanangu. Kodi za wanyonge. Tuendelee."

Jibu hilo ni la kweli, ila ni fupi mno. Mkulima wa Kifaransa alilipa kodi iliyoitwa taille, ambayo makabaila na makasisi walisamehewa, na alilipa kodi ya chumvi iliyoitwa gabelle, iliyokuwa nzito sana katika baadhi ya majimbo na nyepesi au haipo kabisa katika mengine. Kodi hizo ndizo zilizowasha hasira iliyolipuka mwaka 1789, na mgeni asiyezijua hataelewa kwa nini makasri mengi yaliporwa wakati wa Mapinduzi, wala kwa nini Mfaransa wa leo anayalipia kiingilio kwa fahari na bado akawasema vibaya walioyajenga. Zaidi ya hayo, katika karne ya kumi na saba na ya kumi na nane kulikuwa na fedha nyingine, ambayo darasa la pwani ya Afrika Mashariki halina udhuru wa kuinyamazia. Mwezi Machi 1685 Louis wa Kumi na Nne alitia saini, huko huko Versailles, amri iliyopanga hali ya watumwa katika makoloni yake, amri ijulikanayo kama Code Noir, iliyomhesabu mtumwa kuwa mali inayohamishika. Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Waliouzwa kwa mkataba huo walikuwa watu wa bara letu, na waliowauza walikuwa wenzetu wa pwani, ukweli ambao huenda ndio unaoufanya mlango huo uwe mzito kufunguliwa katika sebule ya Bagamoyo. Ufaransa ilifuta utumwa mwaka 1794, ikaurudisha mwaka 1802, ikaufuta tena mwaka 1848.

Nilimweleza mwalimu maoni haya faragha, baada ya kipindi, kama inavyostahili kwa mtu aliyenizidi umri. Hakukasirika. Alisema kwamba miaka aliyokaa Tours ilimfundisha kuwa mgeni anayefungua mazungumzo kwa madai hafunguliwi mlango wa pili, na kwamba yeye anawafundisha watu kuupita mlango huo kwanza. Naielewa hoja yake, lakini siikubali. Wafaransa wa makamo ninaowaongoza mimi, wakifika kwenye misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa na wamisionari kutoka kwao mwaka 1868 na ambayo ilikomboa watumwa kwa kuwanunua, huniuliza wenyewe kuhusu utumwa kabla sijafungua kinywa. Ziara ya mafunzo ya darasa hufanyika hapo hapo misheni, kwenye makumbusho na kwenye mnara unaokumbusha kwamba mwili wa Livingstone ulilazwa hapo mwezi Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar, na ni ziara nzuri. Ila mtu anaondoka akijua Mfaransa aliyekomboa, bila kumjua Mfaransa aliyenunua.

Sehemu ya desturi ni fupi kuliko ya makasri, na imepangwa kwa kuwafikiria wanaosafiri. Somo la salamu peke yake lina thamani: huko, kuingia dukani na kuanza kuuliza bei bila kusema Bonjour ni utovu wa adabu, na hudumiwi vizuri. Mswahili hapaswi kupata shida hapo, kwa kuwa kwetu pia mtu hajii na shida kabla ya salamu, lakini vijana wetu waliozoea kuongea na watalii kwa Kiingereza cha haraka wameupoteza ustaarabu huo na walihitaji kukumbushwa. Tulifundishwa kutofautisha namna ya kumwita mtu mzima na namna ya kumwita rika, kuweka mikono juu ya meza wakati wa kula, kutokwenda nyumbani kwa mtu bila miadi hata kama ni jirani wa ukuta mmoja, na ukialikwa saa mbili usiku kufika dakika kumi baadaye, kamwe si kabla. Mama wa Lyon aliuliza kama hata mama mzazi anahitaji miadi kwenda kwa bintiye. Mwalimu alivuta pumzi, akajibu kwamba kwa mkwe wa Kifaransa, ndiyo, na mjadala uliofuata ulikula muda wote uliobaki.

Mambo ya dini yalishughulikiwa kwa unyofu niliouheshimu. Sheria ya mwaka 1905 ilitenganisha dini na dola. Sheria ya mwaka 2004 inakataza wanafunzi wa shule za serikali kuvaa alama za dini zinazoonekana wazi, hijabu ikiwamo, lakini haiwahusu wanafunzi wa vyuo vikuu. Na sheria ya mwaka 2010 inakataza kuufunika uso hadharani. Dada wa mapokezi, ambaye anafikiria kwenda kusoma, aliyaandika yote hayo neno kwa neno. Tulipewa pia sentensi za kukataa mvinyo na nguruwe mara moja tu, kwa tabasamu na bila hotuba, na tulielezwa kwamba mwenyeji hataudhika na kukataa kwako ila ataudhika ukimwambia dakika ya mwisho chakula kikiwa mezani.

Panapopwaya ni kwenye mambo ya vitendo ya kuyafikia hayo makasri. Kijitabu kina viingilio vya zamani, picha zilizorudufiwa mpaka Chenonceau likawa doa jeusi juu ya doa jingine, na hakisemi neno kuhusu usafiri. Nilichokipata kimetoka kwa mwanafunzi wa awamu iliyotangulia, ambaye sasa yuko Tours na hutuma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp. Anasema Chenonceau linafikika kwa treni, kituo kikiwa karibu kabisa na lango, ilhali Chambord halina kituo na lazima mtu ashukie Blois kisha atafute basi. Ametufahamisha pia kwamba majengo ya taifa huingiwa bure na vijana walio chini ya miaka 26 ambao ni wakazi halali wa Umoja wa Ulaya, maana yake mwanafunzi wa Kitanzania mwenye kibali cha ukaazi anahusika, ila mtalii wa wiki mbili hahusiki. Na kwamba nafuu hiyo haihusu makasri ya watu binafsi kama Chenonceau. Kila mwaka, mwishoni mwa wiki ya tatu ya Septemba, huwa kuna siku za urithi ambapo majengo mengi hufunguliwa bure au kwa bei ndogo, hata yale ambayo kwa kawaida hayaingiliki. Haya yote yangetosha ukurasa mmoja, na ni bora yangechukua nafasi ya ukurasa wa aina za jibini, ambazo hakuna kati yetu aliyezionja.

Umeme ulipokatika, projekta ilizimika na mwalimu akaendelea kwa taa ya chemli na kuchora ubaoni. Sitahesabu hilo kuwa dosari, kwa kuwa michoro yake ya mahandaki na madaraja ya kuvutwa ilieleweka kuliko picha. Feni ni moja tu, na anayechelewa hukaa mbali nayo.

Kwa mwongoza watalii wa Bagamoyo, Pangani au Tanga mjini anayepokea wageni wa Kifaransa, nasema ajiunge bila kusita, na aende na daftari lake mwenyewe maana kijitabu hakitoshi. Kwa mfanyakazi wa hoteli, vipindi vya desturi vinatosha, na mwalimu hukubali mtu alipie hivyo peke yake akiombwa mapema. Msafiri wa kitalii mwenye fedha zake na siku chache anaweza kuridhika na vipindi vya Chambord, Chenonceau na Amboise. Ama mwanafunzi anayekwenda kuishi huko, hasa yule wa Nantes, ushauri wangu ni kwamba ajaze mwenyewe pengo la darasa wiki yake ya kwanza. Mji huo ulikuwa bandari kuu ya Ufaransa ya biashara ya watumwa, na ngome ya watawala wa Bretagne iliyo katikati yake ina makumbusho ya historia ambayo yametenga vyumba kwa ajili ya biashara hiyo, pamoja na hesabu zake. Kuingia uani na kutembea juu ya kuta ni bure. Makumbusho ndiyo yanayolipiwa.